Winga wetu ana miaka 16: mashabiki wanaona nini, na kesho yake itaamuliwa na nini?

Kwa wiki kadhaa sasa, simu nyingi na ujumbe mfupi unaoingia kwenye kipindi chetu cha michezo unamhusu kijana mmoja. Ana miaka 16, ni mwanafunzi wa sekondari hapa Rungwe, anacheza winga ya kulia na mguu wake ni wa kushoto. Msikilizaji wa Kiwira anasema hajaona chenga za namna hiyo tangu aanze kwenda mpirani. Wa Masoko anataka kijana apelekwe Simba au Yanga kesho asubuhi. Wa Lwangwa anapinga: anasema tumewahi kuwaimba wengi wa aina hiyo, na leo wanaendesha bodaboda.

Jina lake hatulitaji, kwa kuwa kisheria bado ni mtoto. Lakini mjadala wenu ni wa maana, na sasa una haraka kidogo. Tumesikia kuna mtu amefika kwa familia hiyo akisema anaweza kumpeleka kijana kufanya majaribio nje ya nchi, ila kwanza itolewe pesa ya maandalizi. Kuna ng'ombe wa maziwa anayezungumziwa kuuzwa.

Kwa hiyo makala hii inajibu maswali matatu mnayotuuliza kila siku. Kipaji cha kijana kinapimwaje? Kwa nini wengine wanaosifiwa wakiwa wadogo wanafika na wengine hawafiki? Na kabla familia haijatoa hata shilingi, ijue nini?

Kwa nini sisi tunaamini haraka

Watu wa Rungwe tuna sababu ya kuamini kwamba mchezaji mkubwa anaweza kutoka kwenye migomba yetu. Mwaka 1986 Tukuyu Stars, Banyambala, yaani wanaume, walichukua ubingwa wa Tanzania Bara katika msimu wao wa kwanza wa ligi ya juu. Simba na Yanga waliachwa nyuma na timu ya mji mdogo wenye mvua nyingi na barabara za utelezi. Wazee waliokuwepo bado wanaisimulia kama jambo la juzi. Baada ya ubingwa ule, baadhi ya wachezaji walichukuliwa na klabu kubwa za Dar es Salaam.

Na hilo halikuwa la mwisho kwa ukanda wetu. Msimu wa 2013/14 Mbeya City walipanda Ligi Kuu na kumaliza nafasi ya tatu, nyuma ya Azam na Yanga.

Kwa hiyo swali la kama vipaji vipo kwetu lilishajibiwa. Linalobaki gumu ni la mtoto mmoja mmoja: huyu hapa, mwenye miaka 16, atakuwa nani akifika 22? Kumbukumbu ya 1986 haiwezi kutusaidia kujibu hilo, na mara nyingine hutufanya tumtawaze kijana kabla hajaota ndevu.

Shabiki anahesabu chenga, mtaalamu anahesabu kilichofuata

Tukitoka uwanjani, tunachokumbuka ni ile chenga iliyomkalisha beki chini. Ni haki yetu, tumekwenda kufurahi. Mtu aliyetumwa na klabu kutafuta vijana anaangalia mechi ileile lakini macho yake yako pengine. Kwa winga, mambo makubwa ni haya.

Kwanza, anafanya nini kabla mpira haujamfikia. Winga mzuri hugeuza shingo mara mbili tatu kuangalia beki yuko wapi na nafasi iko wapi. Mpira ukifika, tayari ameshaamua. Anayeanza kufikiri mpira ukiwa mguuni anaweza kufaulu kwenye ndondo, kwa sababu mabeki wanampa muda. Ligi Kuu muda huo haupo.

Pili, mguso wa kwanza. Je, mpira unabaki karibu na unaelekea anakotaka kwenda, au unadunda mita mbili mbele? Viwanja vyetu vina mashimo na maji, kwa hiyo mtoto wa hapa anayetuliza mpira vizuri amejifunza jambo gumu. Hilo mpeni alama zake.

Tatu, baada ya kumpita beki. Hapa ndipo mawinga wengi wa mchangani wanapokwama. Anampita mmoja, anarudi kumpita tena yuleyule ili watu washangilie, na wenzake waliokimbilia golini wanasimama na mikono kiunoni. Klabu inataka kuona chenga imezaa kitu: krosi iliyofika, pasi ya kurudisha nyuma kwa mfungaji, shuti, au faulo karibu na boksi.

Nne, timu ikipoteza mpira anafanya nini. Winga wa leo anarudi kumsaidia beki wake wa pembeni. Kijana anayesimama na kuangalia, hata awe na miguu ya dhahabu, kocha atamwacha benchi.

Tano, dakika za mwisho na siku mbaya. Mtazameni dakika ya 75, timu imefungwa mabao mawili, mvua inanyesha, beki amemgonga mara tatu na mwamuzi amepeta. Bado anaomba mpira? Au amekasirika na kuanza kulaumu wenzake? Anayetafuta vijana anaweza kupanda gari mara tatu nne kuja kumwona mchezaji mmoja, kwa sababu mechi moja nzuri haimwambii jambo hili.

Kuna jambo la sita linalomhusu kijana wetu moja kwa moja. Winga wa kulia mwenye mguu wa kushoto hupenda kukata kuingia ndani na kupiga, kama anavyofanya Mohamed Salah wa Misri. Ni silaha kubwa. Lakini beki akishaisoma, anaifunga njia ya ndani na kumwachia njia ya nje. Je, kijana anaweza kwenda nje na kupiga krosi kwa mguu wa kulia? Kama bado hawezi, hilo ni zoezi la kila jioni, na ana umri wa kulifanya.

Zoezi mnaloweza kulifanya wenyewe

Chukueni daftari na kalamu. Mechi ijayo, andikeni kila mara kijana anapopokea mpira. Mbele yake wekeni alama moja kati ya tatu: timu imeendelea na mpira, timu imepata nafasi ya kufunga, au mpira umepotea. Fanyeni hivyo kwa mechi tatu au nne, zikiwemo za dhidi ya timu ngumu. Mkimaliza mtakuwa na picha ambayo makelele ya uwanjani hayawezi kuwapa. Huenda mkagundua kijana ni bora kuliko mlivyodhani, kwa sababu kazi yake nyingi ni ya kimya. Huenda mkagundua chenga tano mlizoimba zilizaa krosi moja tu.

Wenzetu wa mchezo mwingine wanafanya hivi kwa makini sana. Kwenye besiboli, mchezo unaopendwa Marekani, mchezaji wa uwanja wa nje ni yule anayesimama mbali kabisa na mpigaji, akisubiri kukimbia na kudaka mipira mirefu. Wasaka vipaji humpima mchezaji wa aina hiyo kwa mambo matano: kuupata mpira kwa gongo, nguvu ya kupiga, mbio, udakaji na mkono wa kurusha. Mashabiki hupiga kelele anaporuka na kudaka mpira akiwa hewani. Lakini mtaalamu anaangalia hatua yake ya kwanza pale gongo linapogusa mpira. Mara nyingine aliyeruka ameruka kwa sababu alichelewa kuondoka, na aliye bora zaidi angekuwa amesimama pale tayari, akiungoja. Hakuna anayempigia makofi huyo, lakini ndiye anayesajiliwa.

Mwili unaweza kudanganya

Sasa tuje kwenye jambo linalowachanganya hata makocha: umri.

Watoto hawakui kwa mwendo mmoja. Kwenye mashindano ya UMISSETA mnaweza kuona vijana wawili wa miaka 15, mmoja ana mwili wa mtu mzima na mwingine bado ana mwili wa mtoto. Aliyekomaa mapema atamzidi mwenzake mbio na nguvu, na sote tutasema ana kipaji. Miaka mitatu baadaye wenzake wanamfikia kimo. Kama alikuwa anategemea nguvu peke yake, anabaki hana kitu. Yule mdogo aliyelazimika kutumia akili kwa sababu hakuwa na mwili, mara nyingi ndiye anayepaa.

Hata mwezi wa kuzaliwa una uzito. Uchunguzi uliofanywa katika nchi nyingi umeonyesha kwamba kwenye timu za vijana, waliozaliwa miezi ya mwanzo wa mwaka huwa wengi kuliko waliozaliwa mwisho wa mwaka. Sababu ni rahisi: mashindano yanapanga umri kwa kuanzia Januari, kwa hiyo wa Januari na wa Desemba wanawekwa kundi moja ilhali mmoja amemtangulia mwenzake karibu mwaka mzima. Kocha anachagua aliye mkubwa akidhani amechagua aliye bora.

Kwa hiyo mkimlinganisha winga wetu na wengine, ulizeni kwanza kila mmoja amezaliwa lini na amekua kiasi gani.

Kuna pia udanganyifu wa makusudi, na huo una gharama. Mwaka 2017 Serengeti Boys walikwenda kwenye fainali za Afrika za vijana chini ya miaka 17 nchini Gabon baada ya Congo-Brazzaville kuondolewa kwa sababu ya mchezaji ambaye umri wake ulitiliwa shaka. Huko Gabon vijana wetu walitoka sare na Mali na kuwafunga Angola. Kwenye mashindano hayo hupigwa picha maalumu ya mifupa ya kifundo cha mkono. Mfupa ukionekana umeshafunga kabisa ukuaji, mchezaji anahesabiwa kuwa amepita umri, hata cheti chake kiseme nini.

Majirani zetu wa Uganda wanalijua hilo kwa uchungu. Mwaka 2011 timu ya watoto kutoka Kampala ilipata nafasi ya kucheza mashindano ya dunia ya besiboli ya watoto huko Williamsport, Marekani. Hawakwenda. Walinyimwa viza kwa sababu maelezo ya umri kwenye nyaraka zao hayakulingana. Mwaka uliofuata timu ya Lugazi ilikuwa na karatasi zilizokubalika, ikawa timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza mashindano hayo. Miaka kumi baadaye, 2022, vijana wawili wa Uganda, Ben Serunkuma na Umar Male, walisaini na klabu kubwa ya Marekani, Los Angeles Dodgers.

Fundisho kwa mzazi wa Rungwe ni dogo na la bei nafuu: hakikisha mtoto ana cheti cha kuzaliwa cha RITA, na kwamba jina na tarehe kwenye cheti, kwenye kadi ya kliniki na kwenye rekodi za shule ni vilevile. Mtu akikushauri upunguze miaka miwili ili mtoto "auzike", ujue anamtegea mwanao mtego utakaofyatuka siku ya bahati yake.

Waliosifiwa kabla yake

Mwaka 2019 Tanzania iliandaa fainali za Afrika za vijana chini ya miaka 17 jijini Dar es Salaam. Serengeti Boys walipoteza mechi zote tatu, lakini mashabiki walitoka na jina moja mdomoni: Kelvin John, ambaye tayari walikuwa wanamwita Mbappé. Mitaani ilikuwa imeshaamuliwa kwamba yeye ndiye Samatta anayefuata.

Njia yake ikawa ndefu kuliko tulivyotabiri. Alikwenda Uingereza kusoma na kucheza katika chuo cha Brooke House, na alipofikisha miaka 18 mwaka 2021 akasaini na Genk ya Ubelgiji. Huko hakuingia kikosi cha kwanza na kubaki. Alitumia muda mwingi kwenye timu ya pili. Mwaka 2024 akahamia Aalborg ya Denmark. Kuna wanaosema hajafikia matarajio. Sisi tunauliza, matarajio ya nani? Kijana wa Kitanzania anayelipwa kucheza mpira Ulaya amefika mahali ambapo wachache sana wamefika. Matarajio yale tulimwekea sisi akiwa na miaka 15.

Mwenzake wa kikosi kile, Morice Abraham, alicheza Serbia kabla ya kurudi nyumbani na kusajiliwa na Simba mwaka 2025. Kikosi kimoja, mashindano yaleyale, njia tofauti kabisa.

Huyo Samatta tunayemtolea mfano naye alipanda ngazi moja moja. African Lyon, kisha Simba, kisha TP Mazembe ya Lubumbashi mwaka 2011. Alikaa Mazembe miaka mitano, akachukua Ligi ya Mabingwa Afrika mwaka 2015, na Januari 2016 akatajwa mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara. Ndipo akaenda Genk, akiwa na miaka 23. Aston Villa alifika Januari 2020, akiwa na miaka 27, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza na kufunga Ligi Kuu ya England.

Na kwa kuwa tunazungumzia winga, mtazameni Simon Msuva. Alicheza Yanga misimu kadhaa, akawa mfungaji bora wa Ligi Kuu msimu wa 2014/15 kwa mabao 17 huku akitokea pembeni, na mwaka 2017 akaenda Difaâ El Jadida ya Morocco, baadaye Wydad. Fainali za Afrika za 2019 alifunga dhidi ya Kenya. Zile za Ivory Coast, Januari 2024, akafunga dhidi ya Zambia. Msuva alijulikana kwa mbio. Lakini kilichomdumisha ni kwamba alijifunza kuwepo golini mpira unapofika, na kurudi nyuma kukaba.

Ukiwatazama Samatta na Msuva, hakuna aliyeruka kutoka uwanja wa kata hadi Ulaya. Kila mmoja alikaa mahali kwa muda wa kutosha, akacheza mechi nyingi ngumu, kisha akasogea.

Sheria inasemaje kuhusu mtoto wa miaka 16

Hapa tunaomba wazazi wasome polepole.

Shirikisho la soka duniani, FIFA, linakataza mchezaji aliye chini ya miaka 18 kuhamishwa kwenda klabu ya nchi nyingine. Zipo nafasi chache za kuachiwa. Kwa mfano, wazazi wenyewe wakihamia nchi ile kwa sababu zisizohusu mpira. Au mchezaji anayeishi ndani ya kilomita 50 kutoka mpakani, akajiunga na klabu iliyo ndani ya kilomita 50 upande wa pili, huku akiendelea kulala nyumbani. Hiyo ingeweza kumhusu mtoto wa karibu na Kasumulu anayecheza ng'ambo ya Malawi. Haimhusu mtoto anayeambiwa kuna timu inamngoja Uturuki au Dubai.

Kwa hiyo mtu akimwambia mzazi wa kijana wa miaka 16 kwamba klabu ya Ulaya itamsajili mwezi ujao, amesema jambo ambalo sheria haliruhusu. Mazungumzo yanaweza kuishia hapo.

Kuhusu wakala, tangu 2023 kanuni za FIFA zinamtaka kila wakala awe na leseni, na anaipata kwa kufaulu mtihani. Anayetaka kufanya kazi na watoto anahitaji idhini ya ziada. Haruhusiwi kumfuata mtoto moja kwa moja. Lazima awe na ruhusa ya maandishi ya mzazi au mlezi, na muda wenyewe ni ndani ya miezi sita kabla ya umri ambao sheria ya nchi inamruhusu mtoto kusaini mkataba wa kwanza wa kulipwa. Majina ya mawakala wenye leseni yanapatikana kwenye tovuti ya FIFA, na chama cha mpira cha wilaya au mkoa kinaweza kuwasaidia kuuliza TFF.

Na mkataba wa mchezaji aliye chini ya miaka 18 hauwezi kuzidi miaka mitatu. Ukiletewa karatasi ya miaka mitano au kumi, usiisaini hata kama imegongwa mihuri mitano.

Pesa inatoka upande gani?

Swali hili moja linatosha kuwaokoa wengi. Klabu inayomtaka mchezaji ndiyo inayotoa pesa. Inalipa nauli, malazi, na ikimsajili inalipa klabu iliyomlea. Pale ambapo familia ndiyo inaombwa pesa ya fomu, ya viza, ya "kumfungulia faili" au ya majaribio, mwelekeo wa pesa umegeuka. Ng'ombe akiuzwa, maziwa ya kila asubuhi yanakwisha, ada ya wadogo zake inayumba, na kijana anaweza kuishia kwenye chumba cha kupanga Dar es Salaam akimngoja mtu asiyepokea simu.

Mpira ukienda kwa njia yake, pesa inaweza kurudi hadi kijijini. Kanuni za FIFA zinasema mchezaji anapouzwa kimataifa kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya bei yake inagawiwa klabu zote alizosajiliwa kuanzia msimu wa kutimiza miaka 12 hadi wa kutimiza miaka 23. Kila msimu wa umri wa miaka 12 hadi 15 unahesabiwa asilimia 0.25, na kila msimu wa 16 hadi 23 asilimia 0.5.

Tufanye hesabu. Tuseme kijana amesajiliwa kwenye klabu ya kata hapa Rungwe akiwa na miaka 14, 15, 16 na 17, na siku moja akauzwa kwa dola milioni moja. Klabu ile inastahili asilimia 0.25 mara mbili, na 0.5 mara mbili. Jumla ni asilimia 1.5, yaani dola 15,000. Ni zaidi ya shilingi milioni 30, zinazotosha mipira, viatu, magoli na nauli za timu kwa misimu mingi.

Lakini kuna sharti moja: awe amesajiliwa rasmi, jina lake likawa kwenye mfumo wa TFF. Klabu nyingi zetu zinacheza kwa daftari la kocha. Siku mchezaji akiuzwa, daftari halihesabiki. Viongozi wa klabu za Rungwe na Busokelo, kazi hiyo haihitaji mfadhili. Inahitaji cheti cha mtoto, picha, na safari ya kwenda chama cha mpira.

Kijana akae wapi kwa sasa?

Kwa mtoto wa miaka 16 mwenye dalili nzuri, hatua inayofuata ni mechi ngumu zaidi akiwa bado na uangalizi. Klabu za Ligi Kuu zina timu za vijana chini ya miaka 20. Jijini Mbeya, mwendo wa gari usio mrefu, kuna Mbeya City na Tanzania Prisons. Azam wana kituo cha vijana Chamazi, Dar es Salaam. Mwalimu wa michezo wa shule au kocha wake anaweza kuandika barua na kupiga simu klabuni, na klabu ikitaka kumwona, aende na mzazi au mlezi.

Shule isiachwe. Kidato cha nne ni mtihani wa Novemba, na tarehe yake haisogezwi kwa ajili ya majaribio ya mtu yeyote. Wavulana wengi wanaofika timu za vijana hawafiki timu kubwa. Wengine huumia goti wakiwa na miaka 18. Cheti cha kidato cha nne ni kitu atakachobaki nacho vyovyote itakavyokuwa.

Na ale. Winga anayekimbia dakika 90 kisha akalala na chai kavu hawezi kujenga misuli. Bahati yetu maharage, maziwa, mayai, ndizi na parachichi viko shambani.

Sisi mashabiki je?

Tunaposema "huyu atacheza Ulaya", tunadhani tunamtia moyo. Mtoto anasikia kwamba kila kitu chini ya Ulaya ni kushindwa. Baba na mama yake wanasikia kwamba yeyote anayetaja Ulaya anasema kweli. Yule mgeni aliyefika nyumbani kwao hakuhitaji kuwashawishi sana, kwa sababu sisi tulishamfanyia kazi hiyo kwenye simu na vijiweni.

Tumsifu kwa vitu anavyoweza kuvirudia. "Leo umerudi kukaba vizuri." "Ile krosi ya mguu wa kulia imefika." Kijana akisikia hivyo anajua afanye nini Jumatano mazoezini.

Kuhusu swali la msikilizaji wa Masoko, kama kijana ana kiwango: kwa tulichokiona kwenye mechi nne, ana mguso mzuri, ana mbio, na anaomba mpira hata timu ikiwa nyuma. Bado anakata ndani kila mara, na mabeki wa timu mbili za mwisho walikuwa wameshamjua. Anastahili kuonwa na klabu kubwa. Zaidi ya hapo, atakayesema anajua atakuwa nani mwaka 2032 anabahatisha.

Wazazi wenye barua au mkataba mkononi wasisaini kabla ya kupita chama cha mpira cha wilaya na ofisi ya mtendaji. Mkitaka, tutamwalika kiongozi wa chama cha mpira studioni Jumamosi kwenye kipindi cha michezo, mumuulize wenyewe. Tumeni maswali yenu mapema, na mtaje kata mnayotoka.